Treina inasaga beringi, huduma kwa wateja wananiambia nipake mnyororo mafuta

Mnyororo Mkavu (mleta mada)

Habari wakuu,

Nimevumilia vya kutosha, leo namwaga mchele.

Nina treina janja, mashine ya kufanyia mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba, zile ambazo unatoa gurudumu la nyuma na kufunga baiskeli moja kwa moja kwenye kaseti (seti ya gia za nyuma) ya mashine. Kampuni siitaji. Sitaki uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki, halafu kwa malalamiko niliyosoma ya wengine, ukibadilisha jina la kampuni kisa kinabaki kilekile.

Ilianza kwa mlio mdogo wa kusaga nikiwa napiga pedali taratibu. Mlio ukawa unakua kadiri mashine inavyokaza, na sasa hata feni haiufuniki. Wati, yaani kipimo cha nguvu ya miguu, nazo zimeanza vituko: mwanzo wa mazoezi namba za treina na za pedali zangu zenye kipimo cha wati zinakaribiana, mashine ikishapata moto treina inapanda peke yake.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Aliyetangulia kunijibu ni roboti, akanitumia makala ya kubadilisha rangi ya skrini kwenye apu. Baada ya kubembeleza nikapata binadamu. Akaniambia nizime niwashe, nifute apu niipakue upya, nisasishe femwea (programu ya ndani ya mashine), nifanye kalibresheni (kuiweka sawa ipime vizuri). Yote hayo nilikuwa nimeshaandika kwenye ujumbe wa kwanza kwamba nimefanya. Sikubishana, nikarudia.

Wakataka video. Hapa wakuu naomba mnisikilize vizuri. Nilitoa baiskeli nzima. Nikachomoa waya wa umeme. Nikalaza simu sakafuni, maiki ikitazama kifuniko cha mkanda, nikawa nazungusha kaseti kwa mkono. Hakuna baiskeli, hakuna mnyororo, hakuna umeme, na mashine bado inasaga khrrr, khrrr, kama mtu anayetafuna mchanga. Nikatuma nikijua leo yamekwisha.

Jibu: "Asante kwa video yako nzuri. Tafadhali safisha mnyororo na uupake mafuta, kisha utujulishe."

Nikajibu kwa adabu kwamba kwenye video hakuna mnyororo. Akaingia mwingine, jina tofauti, akaanza na "Pole kwa tatizo lako la mnyororo."

Baada ya hapo wakataka picha ya stika ya chini yenye namba ya mashine. Kisha risiti. Kisha picha ya stika tena, safari hii ikiwa na karatasi yenye tarehe kando yake. Mwisho tiketi ikafungwa "kwa kuwa hatujasikia kutoka kwako", wakati mimi nilijibu, ila wao walikuwa wameshafunga ofisi kwa wikiendi. Ukifungua tiketi mpya unapewa mtu mpya, na mtu mpya anataka video.

Mashine kuharibika hakunishangazi. Kitu chenye mkanda, beringi na gurudumu zito linalozunguka kwa kasi kitachoka siku moja. Kinachonimaliza ni kwamba upande wa pili hakuna mtu mwenye ruhusa ya kufikiri. Kila mmoja ana karatasi yake ya maswali, na karatasi haina mahali pa kuandika "mteja ameshalijibu hili".

Waliopita njia hii mlitokaje? Na je, niifungue mwenyewe?

---

Kaseti Kumi na Moja

Pole sana mkuu. Mimi waliniambia "kelele kiasi ni kawaida". Nikauliza kiasi ni kipi, mnapima vipi? Wakanitumia kiungo cha video ya tangazo la mashine yao, ina muziki mwanzo hadi mwisho.

Nakaa hapa kusubiri wenye ujuzi.

---

Fundi Spana

Mleta mada, usifungue kwanza. Ukikata stika ya waranti unawapa sababu waliyokuwa wanaitafuta.

Lakini kabla ya bisibisi, masikio yanatosha kukupa nusu ya jibu. Ndani ya treina ya aina hiyo kuna vitu vinavyozunguka kwa kasi tofauti. Ukipiga pedali mizunguko 90 kwa dakika kwenye meno 50 mbele na 17 nyuma, kaseti inazunguka kama mara 265 kwa dakika. Kaseti inageuza puli kubwa, puli inavuta mkanda, mkanda unazungusha gurudumu zito ambalo linakwenda kasi mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mlio wa polepole unaofuatana na mguu ni kitu kimoja, mlio wa haraka unaofanana na mvumo ni kitu kingine.

Fanya hivi. Panda, piga kasi, halafu acha kupiga pedali ghafla. Kwenye treina nyingi za kufunga moja kwa moja kaseti itasimama, ila puli, mkanda na gurudumu zito vitaendelea vyenyewe. Mlio ukiendelea, shida iko upande huo: beringi za gurudumu, beringi za puli, au mkanda wenyewe. Mlio ukikata palepale, angalia frihabu (kitovu kinachoiachia kaseti isimame huku gurudumu likiendelea), kaseti, mnyororo. Kisha izungushe kaseti kinyumenyume kwa mkono. Hapo kinachofanya kazi ni frihabu peke yake, ule mlio wa tik-tik-tik ni wa kawaida, lakini ukihisi mikwaruzo kwenye vidole basi beringi zake zimekwisha.

Mkanda unaoteleza una tabia yake. Ukikanyaga kwa nguvu ghafla unapiga kelele nyembamba na wati zinaanguka kwa sekunde moja, halafu zinarudi.

Na niseme jambo linaloniudhi mimi kama fundi. Beringi zilizomo humo mara nyingi ni zile za namba za kawaida kabisa, zinazotumika kwenye mashine chungu nzima. Ukitazama ubavuni utakuta imeandikwa mfano 6902-2RS. Hiyo maana yake tundu milimita 15, nje 28, unene 7, na mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili. Muuza beringi yeyote anaijua. Halafu kampuni inakuambia "kipuri hicho hatukiuzi peke yake", unanunua nusu ya mashine.

---

Mnyororo Mkavu

Fundi shukrani. Nimefanya sasa hivi. Nikiacha kupiga pedali mlio unaendelea mpaka gurudumu linasimama. Kinyumenyume kuko laini.

---

Fundi Spana

Basi frihabu iko salama na mnyororo hauhusiki kabisa. Ni upande wa gurudumu au puli. Andika sentensi hiyo hivyohivyo kwenye tiketi.

---

Dada Kanyaga

Mimi yangu haikupiga kelele, ilikufa kimya. Femwea ilikuwa inasasishwa kupitia Bluetooth, simu ikazima skrini katikati, mashine ikawa tofali. Taa haiwaki, apu haiioni.

Huduma kwa wateja wakaniambia nisasishe femwea. Nikawauliza nitasasishaje mashine ambayo haiwaki? Wakajibu kwamba kusasisha femwea kutaisaidia kuwaka. Niliisoma mara mbili nikidhani macho yamechoka.

Kilichonisaidia ni mtu mmoja mtandaoni aliyejua kwamba toleo langu lina njia ya kulazimisha kuwaka upya kwa kubonyeza kitufe kilichojificha wakati unachomeka umeme. Kampuni yenyewe haikunitajia. Kwa hiyo wenzangu, siku ya kusasisha: simu iwe na chaji, skrini isizime, iwe jirani na mashine, na usifanye jioni ambayo una mbio kesho yake.

---

Zamani Nilikuwa Huko

Nitatukanwa, lakini acha niseme. Niliwahi kukaa kwenye kiti hicho, kampuni ya vifaa vya mazoezi, sitaitaja.

Anayekujibu mara nyingi hajawahi kupanda treina. Ana skrini yenye foleni, na anapimwa kwa mambo mawili makubwa: alichukua muda gani kujibu, na amefunga tiketi ngapi. Hakuna anayempima kama mashine yako imepona. Majibu yameandikwa tayari, anabofya tu. Neno "kelele" kwenye ujumbe wako linamletea jibu la mnyororo kwa sababu kelele nyingi kweli ni mnyororo, au kaseti isiyokazwa vizuri, au mguu mmoja wa mashine haujakaa sawa sakafuni.

Zima-washa nayo ina sababu. Tiketi nyingi tulizopata zilikuwa za mashine nzima kabisa ambayo imeshikwa na kifaa kingine. Treina nyingi kwa Bluetooth zinakubali kifaa kimoja tu kuziongoza. Kishkwambi kimelala chumba kingine na apu iko wazi, kimeidaka mashine, wewe uko juu ya baiskeli unasema imekufa. Au kipitishi cha Wi-Fi kimewekwa pembeni ya treina na vyote viko kwenye gigahezi 2.4, mawasiliano yanakatikakatika. Watu wa namna hiyo zima-washa inawaponya.

Lakini mleta mada siye huyo, na tatizo ni kwamba karatasi haiwezi kumtofautisha.

Ukitaka kuiruka karatasi, usisimulie. Ujumbe mrefu wenye hasira unasomwa mistari miwili ya juu. Andika hivi:

"Beringi ya gurudumu zito au ya puli imeharibika. Mlio upo mashine ikiwa haina baiskeli wala umeme, na unaendelea baada ya kaseti kusimama. Video imeambatanishwa, sekunde 20. Femwea toleo hili, namba ya mashine hii, risiti hii. Naomba ubadilishaji chini ya waranti. Naomba suala hili lipelekwe kwa mafundi."

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Sehemu nyingi mhudumu wa kwanza hana mamlaka ya kuidhinisha mashine mpya, ila anaweza kukupandisha ngazi, na ombi la kupandishwa likiwa limeandikwa wazi ni gumu kulipuuza. Na usifungue tiketi mpya, ya zamani ikifungwa ijibu ileile ifunguke. Ukifungua mpya unarudi mwisho wa foleni na historia inabaki nyuma.

---

Mnyororo Mkavu

Mkuu nakushukuru, na sikutukani. Ila unachosema kinanitia uchungu zaidi. Ina maana nimelipia mashine, kisha nijifunze lugha ya ofisi yao ili wanisikie. Nilichoandika mwanzo hakikuwa na kosa lolote, kilikuwa kwa mpangilio usiolingana na vitufe vyao.

---

Zamani Nilikuwa Huko

Ndiyo, na sikitetei. Nakueleza mlango uko wapi.

---

Wati Halali

Nimeona hakuna aliyegusa wati, na hapo ndipo wanapopenda kukimbilia: "iko ndani ya kiwango cha usahihi". Mleta mada, pedali zako zinapima pande zote mbili au upande mmoja? Na tofauti ni kiasi gani?

---

Mnyororo Mkavu

Pande zote mbili. Nikiwa kwenye wati 250 za pedali, treina ikishapata moto inaonyesha 270 hivi.

---

Wati Halali

Safi, kwa sababu ungekuwa na kipimo cha mguu wa kushoto peke yake wangekuzima hapohapo, na wangekuwa na haki. Kipimo cha upande mmoja kinachukua mguu mmoja na kuzidisha mara mbili. Mtu wa asilimia 48 kushoto na 52 kulia akitoa wati 200 kamili, kifaa kitasoma 192. Hakuna kilichoharibika, ni miguu yake tu.

Sasa hesabu yako. Chukulia treina imeandikwa usahihi wa asilimia 2 juu au chini, na pedali asilimia 1. Kwenye 250 treina inaruhusiwa kusoma kati ya 245 na 255, pedali kati ya 247.5 na 252.5. Hata vyote viwili vikikosea kwa kiwango cha juu na kila kimoja kwa upande wake, tofauti haifiki 8. Wewe una 20.

Kuna hoja kali zaidi. Nguvu inaanzia mguuni, inapita pedali, kranki (mkono unaoshika pedali), mnyororo, ndipo inafika kwenye kaseti. Mnyororo hauna nguvu ya kuongeza, unapunguza, kwa kawaida asilimia chache. Treina ikisoma chini kidogo ya pedali ni sawa kabisa. Ikisoma juu, mfululizo, namna hiyo, basi mojawapo inadanganya. Wakikujibu kwamba "kuna upotevu kwenye mnyororo" waambie upotevu unakwenda upande wa pili.

Kabla hujawatumia, funga mdomo wao pande mbili. Pedali zifanyie usawazishaji wa sifuri (zisome sifuri zikiwa hazijakanyagwa) kila unapoanza, zikiwa zimeshazoea joto la chumba. Zikiwa na kosa la nyutoni-mita 1 tu ya msokoto, kwenye mizunguko 90 hiyo ni wati 9 na ushee ambazo hazipo. Treina nayo, kama ni ya kupimwa kwa kuiacha izunguke hadi isimame, ipime ikiwa imeshafanya kazi dakika 10 hadi 15, si ikiwa baridi. Mashine za namna hiyo zinakisia wati kutokana na jinsi gurudumu linavyopunguza kasi, kwa hiyo beringi inayosaga inaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Sitashangaa kama mlio wako na wati zako ni ugonjwa mmoja.

Rekodi zoezi moja kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja, kimoja kikisoma treina na kingine pedali, na utume mafaili yote mawili. Skrinshoti hazifai, mtu anaweza kusema ni sekunde moja tu uliyoichagua.

---

Mpanda Kilima

Nimesoma mpaka hapa nimechoka. Ndiyo maana mimi natumia rola tatu, mapipa yanayozunguka ambayo unaendesha baiskeli juu yake, na ukuta wa kujishikia. Hakuna femwea, hakuna tiketi.

---

Kaseti Kumi na Moja

Na hakuna meno, siku ukianguka 😂

---

Siti Ngumu

Wakuu, swali ambalo hakuna aliyeuliza: ulinunua kwa nani? Kwa kampuni yenyewe au kwa muuzaji?

Nauliza kwa sababu watu wengi wanapigana na mtengenezaji wakati aliyechukua hela yao ni mwingine. Waranti ya mtengenezaji ni hisani yake, na masharti ameyaandika yeye. Muuzaji ana wajibu wa kisheria sehemu nyingi duniani. Umoja wa Ulaya kwa mfano, chini ya maelekezo 2019/771 yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa angalau miaka 2, na katika mwaka wa kwanza mteja halazimiki kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo. Uingereza, sheria yao ya haki za walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha, na ndani ya miezi 6 ya kwanza ni muuzaji ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ilikuwa nzima. Kwako huenda ni tofauti, soma ya kwako. Wazo ndilo hilo: mlango wa kwanza kugonga ni wa muuzaji.

Kama ulilipa kwa kadi kuna njia ya kuiomba benki irudishe malipo. Ina muda wake wa mwisho, na kwa Visa na Mastercard siku 120 ndizo zinazotajwa sana. Wanaokuzungusha na picha za stika huenda wanakula siku zako bila wewe kujua. Sisemi wanafanya makusudi. Nasema kalenda haijali.

---

Mnyororo Mkavu

Nilinunua kwa muuzaji. Yeye ndiye aliyenielekeza niende kwa kampuni!

---

Siti Ngumu

Kila muuzaji anasema hivyo. Rudi kwake, kwa maandishi, na usiulize "naomba msaada", sema "nairudisha kwenu yenye kasoro hii".

---

Dada Kanyaga

Na boksi! Jamani boksi msitupe. Treina hizi nyingi ni kilo 15 hadi 20 na zaidi, chuma kitupu, na ukiifunga kwenye katoni ya kawaida itatoboka njiani. Ikifika imepinda mguu wanakuambia uharibifu wa usafirishaji hauhusiki na waranti. Hata vile vipande vya povu vina umbo lake. Kwangu liko juu ya kabati na halitoki.

Waulize pia nani analipa usafiri wa kurudisha, kabla hujafunga chochote.

---

Gia Ndogo

Naomba niongeze kitu kuhusu "wao hawajui". Wanajua. Kiwanda kinajua kundi gani la mashine lina beringi mbaya, maana namba ya mashine inaeleza ilitengenezwa lini. Swali ni kama watasema.

Angalieni Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, Septemba 2023. Walitangaza ukaguzi wa kranki zao za gia 11 za barabarani, zile za Hollowtech II zilizounganishwa kwa gundi, zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019. Dunia nzima ni kama milioni 2.8. Kila kranki ina herufi mbili nyuma yake zinazoonyesha kundi lake, unaangalia herufi, unajua yako imo au haimo. Watu walilalamika kwamba hatua ilichelewa, na mimi ni mmoja wa waliolalamika, maana picha za kranki zilizofunguka zilikuwa zimezagaa mtandaoni miaka. Lakini walau siku waliposema, walisema kwa namba. Hukuulizwa kama umepaka mnyororo mafuta.

Kampuni za treina zina namba hizohizo. Zinachagua kutuuliza sisi mmojammoja, kila mtu kwenye tiketi yake, ili kila mtu adhani ni yeye peke yake.

---

Zamani Nilikuwa Huko

Hapo Gia Ndogo umegonga penyewe. Sisi wahudumu tulikuwa tunaliona tatizo kabla ya ofisi ya juu. Wiki moja unapata tiketi nyingi za mlio uleule na namba za mashine zinazofuatana. Unaandika ripoti. Ripoti inapokelewa kwa shukrani. Jibu la mnyororo linabaki palepale kwenye kitufe.

---

Mpanda Kilima

Na siku kampuni ikifa? Apu ikizimwa? Chuma chote hicho kinabaki kiti.

---

Wati Halali

Si lazima. Kabla ya kununua uliza kama mashine inazungumza FTMS. Ni lugha ya wazi ya Bluetooth kwa mashine za mazoezi, imetoka 2017, apu yoyote inayoijua inaweza kuiongoza treina bila kuomba ruhusa kwa mtengenezaji. Mashine yenye lugha ya siri ya kampuni peke yake usiichukue hata wakikupunguzia. Ila kalibresheni na femwea kwa kawaida bado viko mikononi mwa apu ya kampuni, hilo halina dawa.

---

Mnyororo Mkavu

MREJESHO

Wakuu nimerudi. Nilimwandikia muuzaji kama Siti Ngumu alivyosema, nikatumia maneno ya Zamani karibu yote, nikaweka jaribio la Fundi, mafaili mawili ya wati na sentensi ya "upotevu unakwenda upande wa pili". Muuzaji akajibu siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza mtu aliyeandika kama anayejua treina ni nini. Akasema anawasiliana na kampuni mwenyewe.

Kampuni wakatuma kifurushi. Nikafungua kwa furaha.

Ni mkanda.

Mkanda mpya, mzuri, na karatasi ya maelekezo ya kuufunga. Ile ile stika ambayo nikiigusa waranti imekufa, maelekezo yanasema niikate. Na hakuna beringi.

---

Kaseti Kumi na Moja

😂😂😂 samahani mkuu, nimejaribu kujizuia.

---

Fundi Spana

USIFUNGE. Waulize kwanza kwa maandishi: "Mnaniruhusu kufungua kifuniko bila kuathiri waranti, ndiyo au hapana?" Wakisema ndiyo, umepata ruhusa ya kuona ndani na kupiga picha. Ukiwa humo toa mkanda wa zamani, zungusha gurudumu kwa kidole, kisha puli kwa kidole. Inayokwaruza utaijua bila kuambiwa. Piga picha ya namba iliyoandikwa ubavuni mwa beringi.

Ukirudishia mkanda angalia mbavu zake zimekaa kwenye mifereji yote ya puli. Mkanda ukiruka mfereji mmoja utalika pembeni na utapata mlio mwingine, wa bure.

---

Mnyororo Mkavu

Wamejibu "ndiyo". Nimehifadhi jibu.

Nimefungua. Gurudumu zito linakwaruza, puli laini. Mkanda wa zamani hauna ufa wala alama, ulikuwa mzima. Beringi imeandikwa 6903-2RS, mpira wa upande mmoja umechomoka na ndani kuna vumbi jeusi. Picha nimemtumia muuzaji pamoja na jibu lao la ruhusa.

Amesema wanabadilisha mashine yote. Watakayoleta ni iliyokarabatiwa, si mpya.

---

Siti Ngumu

Muulize waranti ya hiyo iliyokarabatiwa inaanza upya au inaendelea kutoka tarehe ya kwanza. Wengi wanaiendeleza. Na aandike namba ya hiyo mashine kwenye risiti yako, la sivyo siku ya pili watakuambia namba haifanani.

---

Dada Kanyaga

Hongera mkuu. Usitoe ya zamani kabla mpya haijafika, na uliza kama wanataka kaseti yako ibaki kwenye mashine. Mimi yangu ilikwenda nayo na haikurudi.

---

Fundi Spana

Ikifika, kabla hujaweka kaseti wala kuichomeka umeme, izungushe kwa mkono mtoa mizigo akiwa bado amesimama hapo.

---

Mnyororo Mkavu

Sawa Fundi. Muuzaji anasema waranti inaendelea kutoka tarehe ya kwanza, bado tunabishana hapo. Kaseti nimeshaitoa.

Na leo asubuhi nimepokea barua pepe ya huduma kwa wateja wa kampuni, kwenye ile tiketi ya kwanza kabisa. Wanataka kujua kama kupaka mafuta kumesaidia.